Kuondoa Nako ni Ufundi

Katika vyumba vya seva, sifa humwendea aliyesimamisha. Siku mfumo mpya unapowashwa hutolewa hotuba, hupigwa picha, na jina la fundi hutajwa mbele ya wakubwa. Siku mfumo huohuo unapoondolewa baada ya kutumika miaka yake, haalikwi mtu. Kazi hupewa yeyote aliye na nafasi, aghalabu kijana aliyeajiriwa juzi, na maagizo yake huwa neno moja: futa. Nadai kwamba heshima hapa imegawanywa vibaya. Kuondoa programu ya mashine pepe katika klasta ya kontena, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, bila kupoteza data na bila kukitia kilema kinachobaki, kunahitaji ujuzi mpana kuliko kuisakinisha. Anayesakinisha hufuata mwongozo wa aliyeitunga programu. Anayeondoa hukuta yaliyoongezwa na watu wengi kwa miaka mingi, na wengi wao wamekwisha kuhama bila kuandika walichokifanya. Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa kuwa mji huu wa shaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umelipia kwa gharama kubwa tofauti iliyopo kati ya kuondoa, kung'oa na kutelekeza.

Kwanza tukijue kinachoondolewa. Mashine pepe na kontena ni njia mbili za kuifanya seva moja itumikie kazi nyingi. Mashine pepe ni kompyuta nzima iliyoigizwa ndani ya nyingine. Ina diski yake, kumbukumbu yake na mfumo endeshi wake, na hujiendesha kana kwamba haijabebwa. Kontena ni nyepesi zaidi: ni programu na mahitaji yake ya lazima tu, ikitumia kiini cha mfumo endeshi wa seva iliyoipokea. Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014, imekuwa msimamizi mkuu wa kontena duniani. Fundi huiambia ni nini anataka kiwepo, nayo hukesha ikihakikisha kipo. Lakini makampuni yalikuwa pia na programu za mishahara, za ghala na za mizani zilizoandikwa zamani, zisizoweza kuishi nje ya mashine pepe. Ndipo wahandisi wa Red Hat wakaunda KubeVirt, inayoiwezesha Kubernetes kuziendesha mashine pepe bega kwa bega na kontena. Mradi huo ulipokewa na shirika la CNCF mwaka 2019, ukafikia toleo la 1.0 mwaka 2023. Novemba ya mwaka huohuo kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, muuzaji mkubwa wa programu za mashine pepe, ikabadili namna ya kuuza leseni zake, na wateja wengi wakaanza kutafuta pa kuhamia. Kwa baadhi yao KubeVirt ni kituo cha njiani. Programu za kale huandikwa upya moja baada ya nyingine ziwe kontena, hadi mashine pepe ya mwisho inapozimwa. Hapo ndipo huanza kazi ninayoisifu: kuiondoa KubeVirt yenyewe.

Anayeitazama KubeVirt kwa juu huona kitu kimoja chenye jina moja. Fundi huona vitu kadhaa vinavyoshikana. Yupo opereta, programu ndogo inayojenga na kutunza sehemu nyingine zote. Kuna sehemu inayopokea maombi, nyingine inayopanga kazi, na nyingine inayokaa katika kila seva ya klasta ikiwa na mamlaka makubwa. Kila mashine pepe inayowaka imefungwa ndani ya kontena yake, humo ikiendeshwa na programu ya QEMU juu ya KVM, sehemu ya kiini cha Linux. Tena klasta yenyewe imefundishwa aina mpya za vitu ambazo haikuzaliwa nazo, imesajili mlango mpya wa API, yaani wa kupokea maombi ya programu nyingine, na imewekewa wakaguzi wanaoulizwa kabla ya maombi fulani kukubaliwa. Juu ya hayo yote kuna kitu kikuu kinachowakilisha usakinishaji mzima, na kitu hicho kimebandikwa alama ambayo mafundi huiita finalaiza. Maana yake ni amri kwa Kubernetes: usikifute hiki mpaka mwenye alama aje kuiondoa mwenyewe. Mwenye alama ni opereta, naye huibandua akiisha kuvunja kwa utaratibu kila alichokijenga.

Kutokana na hayo, mpangilio wa kazi unajileta wenyewe. Kwanza mashine pepe zinahamishwa au kuzimwa, na data yake inawekwa salama. Kisha kinafutwa kile kitu kikuu, na fundi anangoja, kwa sababu wakati huo opereta yuko kazini akibomoa. Opereta hufutwa akiwa hana tena la kufanya. Aliyeingia wa kwanza hutoka wa mwisho. Baada ya hapo fundi hukagua mabaki: usajili wa API, wakaguzi, aina za vitu, lebo zilizobandikwa kwenye seva, na mwishowe eneo la majina, yaani sehemu ya klasta iliyotengwa kuwa makao ya programu. Mpangilio huo una sababu katika kila hatua, na anayeugeuza huziona sababu hizo kwa uchungu. Tuseme amemwondoa opereta kwanza, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa juu ya orodha. Kitu kikuu kitabaki katika hali ya kufutwa siku zote, kikimngoja wa kubandua alama ambaye hayupo tena. Usajili wa API ukibaki nao utaelekeza kwenye huduma iliyokufa. Na kwa kuwa Kubernetes, kabla ya kufuta eneo lolote la majina, hutaka kujua kila aina ya kitu kinachoweza kuwa ndani yake, mlango mmoja usiojibu unaweza kukwamisha ufutaji katika klasta nzima. Watu wa idara ambayo haijawahi kugusa mashine pepe hujikuta kazi zao zimesimama, wala hawajui waanzie wapi kuuliza.

Kosa la kumng'oa mshikaji kabla ya kuwashughulikia wanaomtegemea halikuzaliwa na kompyuta. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 ukiitwa Élisabethville, na mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga likatoa shaba yake ya kwanza. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Rais Mobutu ilitwaa mali za kampuni hiyo nchini, ikaunda kampuni ya taifa iliyokuja kujulikana kama Gécamines, ambayo hadi leo makao yake makuu yako mjini humo. Umiliki ulibadilishwa kwa kalamu. Lakini wahandisi wa kigeni walioendesha migodi, wanunuzi wa shaba, na mikondo ya kuisafisha na kuiuza Ulaya havikuwamo katika karatasi iliyotiwa saini. Kufikia Februari mwaka huohuo serikali ilikuwa imekwisha kufanya mapatano na Société Générale des Minerais, kampuni ya ukoo uleule wa kifedha wa Ubelgiji, itoe wataalamu na kuuza madini kwa niaba ya kampuni mpya. Haki ya taifa kumiliki madini yake haina ubishi, wala siijadili. Ninachokitazama ni utaratibu: kichwa kiliondolewa kabla ya viungo kupata wa kuviongoza, na ikabidi jamaa wa aliyeondolewa aombwe kuiendeleza kazi kwa ujira. Fundi wa klasta anayelazimika kumsakinisha upya opereta aliyemfuta, ili tu aje kubandua alama yake, amerudia hadithi hiyo kwa kipimo kidogo.

Sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii ni diski. Katika KubeVirt, mashine pepe inaweza kuundwa kwa karatasi moja ya maagizo inayoeleza pia diski yake. Diski iliyozaliwa hivyo ni mali ya mashine: mashine ikifutwa, diski nayo hufutwa, na ikiwa hifadhi imewekewa kanuni ya kufuta, data yenyewe hupotea. Diski nyingine, iliyoundwa peke yake, hubaki baada ya mashine kuondoka, ikila nafasi bila mwenyewe. Kwa macho mbili hizo hufanana kabisa. Kwa hiyo fundi hachezi na dhana. Husoma nani ni mali ya nani, huibadili kanuni ya hifadhi iwe ya kubakiza, hutoa nakala, kisha huirejesha nakala hiyo mahali pengine na kuiwasha, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Watungaji wa KubeVirt waliijua hatari hiyo, wakaweka kinga: programu inaweza kuagizwa ikatae kuondolewa maadamu imebaki mashine pepe hata moja. Fundi mwenye haraka huiona kinga hiyo kuwa usumbufu. Fundi stadi huiwasha kabla ya kuanza, ili mfumo umsahihishe pale hesabu yake itakapopungua.

Tahadhari hiyo ina shahidi wake kando ya mto Lubumbashi. Kwa miongo mingi tanuru la mji lilimwaga mabaki yake hapo, yakapanda hadi kuwa mlima mweusi unaoonekana kutoka mbali pamoja na bomba refu la moshi. Waliomwaga waliyahesabu kuwa taka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kinachoitwa STL kilianza kuyayeyusha upya ili kupata kobalti, na shaba na zinki pamoja nayo. Mwaka 2024 STL ikafanya mapatano na Umicore ya Ubelgiji kuhusu gerimani iliyomo, metali inayoingia katika nyuzi za mawasiliano zinazobeba intaneti. Na Umicore ni jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Walioyatupa mabaki wamerudi kuyanunua. Thamani ya kitu haionekani kila mara machoni pa anayekiondoa, na diski ya zamani yenye hesabu za mwaka uliofungwa huweza kuwa ndiyo mkaguzi wa kodi atakayoiulizia. Ndiyo maana swali la nini ni taka halipaswi kujibiwa na fundi peke yake. Ni sehemu ya ufundi wake kumtafuta mhasibu, mwanasheria na msimamizi wa ghala, kuwauliza kabla ya kugusa, na kuandika walichojibu.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo. Pingamizi la kwanza hutoka kwa mafundi wenyewe: kama alama ya finalaiza imekwama, amri ya mstari mmoja huibandua kwa nguvu, na kila kitu hutoweka papo hapo. Ni kweli, na ipo siku amri hiyo hufaa. Lakini kinachotoweka ni kumbukumbu ya kitu katika vitabu vya klasta. Kitu chenyewe huenda kipo bado. Mashine inaweza kuendelea kuwaka ndani ya seva, na diski inaweza kubaki imeshikwa, bila mtu yeyote kuweza kuviona tena kupitia njia ya kawaida. Alama ile ilikuwa shahidi kwamba kuna kazi haijamalizika. Anayeibandua kabla ya kuimaliza kazi amemfukuza shahidi. Amri ya nguvu ina mahali pake baada ya fundi kuthibitisha kwa macho, seva kwa seva, kwamba hakuna kilichobaki cha kulindwa.

Pingamizi la pili ni la wenye fedha, nalo lina uzito zaidi: kwa nini kuondoa? Mashine pepe zimekwisha kuhamishwa, programu iliyobaki imetulia, iachwe. Jibu lipo kilomita thelathini hivi kusini-magharibi mwa mji, Kipushi. Mgodi wake ulichimbwa tangu mwaka 1924 kwa ajili ya zinki na shaba, ukasimamishwa mwaka 1993. Haukufungwa kwa maana kamili ya neno; uliwekwa katika hali ya kungoja, na pampu za kutoa maji zikaendelea kufanya kazi chini ya ardhi. Pampu nazo huhitaji kutunzwa, na matunzo yalipungua mwaka hadi mwaka. Mapema mwaka 2011 mgodi ulifurika, maji yakapanda hadi mita 851 chini ya uso wa ardhi. Kampuni ya Ivanhoe, iliyoingia baadaye mwaka huo, ililazimika kuyatoa maji na kukarabati, na uzalishaji ulirejea mwaka 2024. Kipushi inaonyesha kwamba kitu kilichotulia hakijitunzi. Kinachoachwa bila kuondolewa kinaendelea kudai, na siku kisipopewa madai yake hutuma hesabu kwa mkupuo.

Programu isiyotumika hudai kwa namna yake. Ile sehemu yake inayokaa katika kila seva ina mamlaka makubwa, kwa hiyo kila udhaifu wa usalama unaogunduliwa ndani yake ni mlango katika seva zote, na mtu anayekumbuka kuuziba hayupo kwa sababu hakuna anayeitumia. Kubernetes nayo hutoa matoleo mapya kila mwaka na kuacha njia za zamani, hivyo kilichosahaulika siku moja huzuia kila kitu kingine kisipandishwe toleo. Kuna pia umeme. Laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982 ili kuuleta umeme Katanga, eneo la migodi lililo pia na Lubumbashi, lakini migodi na miji inagombania kinachofika, na kampuni isiyotaka seva zake zizimike huongezea kwa jenereta ya mazuti. Mahali ambapo kila wati imelipiwa mara mbili, programu inayowaka bila kazi ni matumizi yanayofichika kwa kuwa hayana mstari wake katika bajeti.

Pingamizi la tatu ni la kisasa na linavutia: klasta ni kitu cha kutupwa, basi jenga nyingine safi, hamishia kazi huko, na hii ya zamani ichomwe yote. Nakubali kwamba pale ambapo kila maagizo yameandikwa na kutunzwa, na data yote iko nje ya klasta, hiyo ni njia ya heshima. Lakini inamhitaji mwenye klasta mbili. Kampuni iliyopangisha uwezo katika kituo kikubwa cha data Ulaya huongeza seva kwa kubonyeza. Kampuni ya Lubumbashi yenye seva zake tatu ndani ya chumba kimoja huagiza ya nne, ikaisubiri, ikalipa usafiri na forodha, mara nyingi kupitia Kasumbalesa mpakani na Zambia, ndipo ianze kufikiria kuhama. Mafundi wa mahali hapo hawana anasa ya kuchoma, na ukosefu huo umewapa nidhamu. Hata mwenye uwezo wa kuchoma hakwepi swali lenyewe: ili ahamishe kazi zote lazima ajue ni zipi na zinategemea nini, na hiyo ni hesabu ileile anayoifanya fundi wa kuondoa. Asiyeifanya atabeba mafundo ya zamani kwenda kuyafunga katika klasta mpya.

Mwisho kuna hoja kwamba opereta hufanya yote, kwa hiyo hapabaki ufundi wa kusifiwa, labda subira ya kungoja. Hoja hii hukisahau kipimo cha ujuzi wa opereta: anakijua alichokijenga mwenyewe, basi. Hajui kwamba mtu wa mtandao aliongeza daraja kwenye seva kwa ajili ya mashine moja ya zamani. Hajui kwamba hati ya kutoa nakala kila usiku bado inaitaja diski isiyokuwepo, na kwamba itashindwa usiku wa leo na kuzidi kushindwa kimyakimya. Hajui kwamba afisa wa mishahara ameihifadhi anwani ya zamani katika kivinjari chake. Pale mwongozo unapoishia ndipo fundi anapoanza kuhitajika, na vitu vyote vilivyo nje ya mwongozo viliwekwa na watu, kwa sababu za watu. Kuvijua kunataka kusoma mfumo na kuwasikiliza walioutumia, tena kwa unyenyekevu, kwa maana aliyeweka kiraka cha ajabu mara nyingi alikuwa na sababu nzuri siku ile.

Ikiwa hayo ni kweli, yapo ya kubadilisha, na sheria ya madini ya Kongo imeonyesha njia. Sheria ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, humtaka mwombaji wa haki ya kuchimba awasilishe jinsi atakavyoyakarabati mazingira, na aweke dhamana ya fedha kwa ajili hiyo. Utekelezaji wake ni mjadala mwingine. Wazo lenyewe ni la busara. Gharama ya kuondoka inahesabiwa wakati wa kuingia, yule anayeingia akiwa bado mezani. Kwa programu, dhamana hiyo ni ukurasa mmoja unaoandikwa siku ya kusakinisha: nini kimeongezwa, kinamtegemea nani, data iko wapi na ni ya nani, kitolewe kwa mpangilio gani. Ukurasa huo ujaribiwe katika klasta ndogo ya majaribio ambamo programu inasakinishwa na kuondolewa hadi pasibaki kitu. Shule za ufundi na vitivo vya sayansi, kuanzia Chuo Kikuu cha Lubumbashi, zingeweza kuufanya kuwa mtihani: mwanafunzi akabidhiwe klasta iliyoguswa na wengi, aambiwe aondoe programu moja, kisha apimwe kwa kinachobaki. Je, seva zote zinajibu? Kuna API yoyote inayoelekeza pasipo na mtu? Data iliyotakiwa kubaki inasomeka? Je, idara zisizohusika zilihisi chochote?

Maswali hayo ni magumu kuliko yale tunayomwuliza mjenzi, ambaye hutimiza wajibu wake kitu kikiwaka. Anayeweza kuyajibu ameujua mfumo kwa undani ambao waliousimamisha hawakuuhitaji, na ameonyesha kwamba anaweza kuaminiwa na kazi za watu wengine. Waajiri wanaotafuta fundi wa klasta wamezoea kumwuliza amejenga nini. Waanze kumwuliza ameondoa nini, na aliowaachia waliendeleaje na kazi kesho yake.